Kondoo wa shangazi, furu wa Mwanza, na swali la nani anamkubali nani

Mwezi wa pili nilipanda Kibosho kumsalimia shangazi nikamkuta hana raha kabisa. Ana banda moja chini ya migomba, mbuzi watatu na kondoo jike mmoja wote humohumo, maana kihamba, shamba letu la ukoo, kimegawanywa kwa watoto mpaka hakuna tena pa kuwatenganisha. Sasa yule beberu wake, kijana tu, ana kama mwaka na nusu, alikuwa amemganda kondoo siku ya tatu mfululizo. Anamnusa nyuma, anabinua mdomo wa juu vile wanavyofanya, anapiga mguu wa mbele chini, anapanda. Kondoo anakimbilia kona yenye ndoo ya maji, anageuka, anabanwa ukutani, hana pa kwenda. Shangazi akaniambia, "Baba, wewe ndo umesoma, hebu niambie huyu akishika mimba atanizalia nini?"

Jirani aliyekuwa anakata majani pale chini akadakia kwamba atazaa kitu nusu mbuzi nusu kondoo, kwao Uru kilishazaliwa na hakikuishi. Mimi nikajibu haraka haraka, "Hapana shangazi, hawazaliani hao," nikanywa chai, nikashuka mjini. Lakini njia nzima kwenye Hiace lile jibu lilinisumbua, kwa sababu halikuwa sahihi vya kutosha, na pia halikugusa kile nilichokiona kwa macho yangu mule bandani: beberu alikuwa anataka na kondoo alikuwa hataki. Hapo ndo kuna stori yenyewe.

Tumalize hesabu kwanza. Kondoo ana kromosomu 54, yaani zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba maelekezo ya urithi, mbuzi ana 60. Kila mzazi anatoa nusu yake, 27 na 30, kwahiyo mtoto akitunga anakuwa na 57. Sio kwamba haitokei kabisa. Botswana mwaka 2000 iliripotiwa kesi ya kondoo dume na mbuzi jike waliokuwa wanafugwa pamoja wakapata mtoto, kidume, kromosomu 57 kweli, manyoya ya nje magumu kama ya mbuzi na ya ndani laini kama sufi ya kondoo, miguu mirefu ya mbuzi chini ya mwili mzito wa kondoo. Aliishi, akakua vizuri, akawa anapanda mbuzi na kondoo wote bila kuchagua, lakini alikuwa tasa. Wengi hawafiki hapo. Kondoo dume akimpanda mbuzi, mimba inaweza kutunga ila mara nyingi inaharibika baada ya wiki kadhaa, mwili wa mama unaikataa, na ukigeuza, beberu kwa kondoo kama kwa shangazi, mara nyingi hata yai lenyewe halitungishwi. Kwahiyo yule jirani wa Uru huenda alisema kweli, na mimi nilimkatalia bila sababu.

Mfano ambao wengi wanaufahamu ni nyumbu, na hapa namaanisha yule mzao wa punda dume na farasi jike, sio wale wanaovuka mto Mara, Kiswahili kimewapa jina moja tu. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, nyumbu anabaki na 63. Ili mnyama atengeneze mbegu au yai, kromosomu zake lazima zijipange mbilimbili, kila moja na mwenzake, ndo zigawane sawa. Nyumbu ana namba witiri, na hata zile zilizopata mwenza hazifanani vizuri, kwahiyo zoezi linakwama katikati. Ana nguvu, ana akili, anabeba mzigo kuliko baba yake, ila uzao unaishia kwake (kuna majike wachache mno waliowahi kuzaa, ni wa kuhesabu).

Ila usije ukaishika hiyo namba kama ndo sababu yote. Ng'ombe ana kromosomu 60 na mbuzi ana 60, na hakuna ndama-mbuzi popote. Alafu ukienda Laikipia Kenya, pundamilia wa Grevy ana 46, huyu wetu wa kawaida ana 44, na wamezaa machotara ambao nao wanazaa. Kwahiyo hesabu haitoshi, kinachoamua ni jinsi maelekezo yaliyomo kwenye hizo kromosomu yanavyoelewana baada ya kukaa mbali kwa mamilioni ya miaka.

Na hata hivyo huo ni ukuta wa mwisho kabisa. Watu tukiulizwa kwa nini spishi, yaani aina za viumbe, hazichanganyikani tunakimbilia utasa, kromosomu, mimba kuharibika, wakati porini mara nyingi mambo hayafiki huko. Yanaishia mbali sana kabla, kwenye macho na masikio na pua ya jike, pale anapomwangalia dume na kuamua huyu ndiyo, huyu hapana.

Kwa nini jike ndo awe mgumu? Rudi bandani Kibosho. Beberu akikosea akampanda kondoo amepoteza nini? Dakika moja na tone la mbegu, kesho anazo nyingine. Kondoo akikosea ni miezi mitano ya mimba, alafu maziwa, alafu msimu mzima umepita bila mtoto wa maana. Mwaka 1972 mwanabiolojia Robert Trivers aliliweka hili vizuri: yule anayewekeza zaidi kwa mtoto ndiye anayechagua, na anayewekeza kidogo ndiye anayeshindana na kuhangaika. Darwin alishasema majike wanachagua tangu 1871, lakini Wallace, mwenzake kabisa kwenye haya mambo, hakukubali kwamba jike wa mnyama anaweza kuwa na ladha yake, na wazo likakaa kando karibu miaka mia. Mimi kila nikilifikiria hilo naumia kidogo, maana mfugaji yeyote mwenye macho, mama yeyote anayefuga kuku uani, angewaambia.

Chukua kuku. Jogoo anaonekana mbabe, anamkimbiza mtetea uwanja mzima anampanda kwa nguvu, ukitazama utasema mtetea hana sauti. Kumbe mwaka 2000 Pizzari na Birkhead walionyesha kwamba kuku wanaoishi huru, akipandwa na jogoo wa hadhi ya chini anazisukuma mbegu zake nje mara baada ya tendo. Wa hadhi ya juu anabaki nazo. Yaani hata pale anapozidiwa nguvu bado ana neno la mwisho tumboni.

Alafu kuna yule ndege mweusi wa nyanda za juu Kenya, dume ana mkia kama nusu mita, akiruka juu ya majani anaonekana kama kipande cha kitambaa kinapeperuka. Malte Andersson alikwenda Kinangop akakata mikia ya baadhi yao, akawagundishia wengine vile vipande na gundi ili mikia yao iwe mirefu kupita ya asili, akachapisha majibu 1982: waliorefushwa walipata majike wengi zaidi kwenye maeneo yao. Hakuna kingine kilichobadilika kwa hao madume, ni mkia tu.

Serengeti hapo simba nao ni hivohivo. Peyton West na Craig Packer walitengeneza masanamu ya simba dume ya saizi halisi, mengine manyoya ya shingoni meupe-meupe, mengine meusi, wakayaweka porini na kuita simba kwa spika. Majike walielekea kwa yule mweusi. Ripoti yao ilitoka 2002, na maelezo yanaingia akilini: simba mwenye manyoya meusi ana homoni nyingi za kiume na amekula vizuri, na pia anavumilia joto zaidi maana kuvaa vile juani ni mateso, kwahiyo anayeweza kuyabeba kweli ana mwili. Fisi wa kreta ya Ngorongoro wana yao tofauti kabisa. Watafiti wamewafuatilia tangu 1996, na 2007 wakaonyesha kwamba majike vijana wanapendelea madume waliozaliwa au kuhamia kwenye ukoo baada ya majike hao kuzaliwa. Ni kanuni rahisi tu, ukiifuata huwezi kuzaa na baba yako. Matokeo yake madume wanahama ukoo kwenda kule kwenye majike vijana wengi, yaani ramani nzima ya nani anaishi wapi mle kreta inachorwa na ladha ya majike.

Sasa unganisha. Macho yaleyale yanayomtofautisha dume hodari na dume hoi ndo hayohayo yanayomtofautisha dume wa aina yangu na wa aina nyingine. Ni kazi moja. Na kama ni kazi ya macho, basi inahitaji mwanga, inahitaji nafasi ya kukimbia, inahitaji wa kulinganisha naye. Ukiviondoa hivyo ukuta unaanguka hata kama hakuna jeni (kipande cha maelekezo ya urithi) hata moja iliyobadilika. Sijaona mahali hili limeonekana wazi kama kwa furu wa Ziwa Victoria, na naomba nikae hapa kidogo.

Furu ni vile visamaki vidogo ambavyo mtu wa Mwanza amekua navyo na havihesabu kama kitu. Ziwa lilikauka, likajaa tena kama miaka 15,000 hivi iliyopita, na ndani ya muda huo, ambao kwa mambo haya ni kama jana, wametokea furu spishi zaidi ya 500. Wawili kati yao wanafanana karibu kila kitu, umbo, saizi, mistari. Wa kwanza dume lake ni la bluu-kijivu, kisayansi anaitwa Pundamilia pundamilia, ndiyo, Kiswahili chetu kimeingia mpaka kwenye Kilatini kwa sababu ya ile mistari yake. Wa pili dume ni jekundu mgongoni na manjano ubavuni, anaitwa Pundamilia nyererei, na ni Mwalimu kweli, waliomwelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1985 walimpa jina hilo kwa heshima yake. Majike ya wote wawili ni ya rangi ya udongo tu, ukiyachanganya kwenye ndoo huwezi kuyatenganisha.

Lakini wenyewe wanajuana. Jike wa nyererei anamfuata mwekundu, jike wa pundamilia anamfuata wa bluu. Ole Seehausen na wenzake waliwachukua maabara wakawaweka chini ya taa nyeupe ya kawaida, kila jike akachagua wake. Wakabadilisha wakaweka mwanga wa rangi ya chungwa peke yake, mwanga ambao nyekundu na bluu zote zinaonekana sawa. Majike wakapoteza dira, wakawa wanakubali yeyote. Na watoto waliozaliwa hawakuwa na shida yoyote, walikua na wakazaa. Hakuna utasa, hakuna mimba kuharibika. Ukuta kati ya hizo spishi mbili ulikuwa umesimama karibu wote juu ya rangi, na rangi imesimama juu ya maji safi.

Toka maabara uende Ghuba ya Mwanza. Kisiwa cha Makobe maji ni angavu, mwanga unashuka mbali, na wenyewe wamegawana: wa bluu anakaa juu kina kifupi, mwekundu anakaa chini zaidi. Hii nayo ina sababu yake. Kwenye lile ziwa vumbi na vijidudu vya majini vinameza kwanza mwanga wa bluu, kwahiyo kadiri unavyoshuka ndivyo dunia inavyokuwa nyekundu, na yule mwekundu ndo anang'aa huko. Hata macho yao yamejirekebisha, jeni moja inayotengeneza kipokea mwanga ndani ya jicho ni tofauti kidogo kwa hao wawili, wa chini anaona nyekundu vizuri zaidi. Sasa ingia ndani ya ghuba mpaka Luanso, maji ya tope, unazamisha mkono hauuoni. Pale hukuti wekundu na bluu. Unakuta kundi moja lililochanganyika, rangi za katikati, zilizofifia.

Wakati Seehausen, van Alphen na Witte wanaandika hayo mwaka 1997, tulikuwa tayari tunajua sangara amekula furu kwa wingi. Walichoongeza ndo kilinikaa mimi moyoni: mbolea za mashambani, udongo unaoporomoka vilimani kulikokatwa miti, maji taka ya miji, vyote vinalilisha ziwa mpaka linakuwa kijani, maji yanachafuka, majike hawaoni, na spishi zinayeyuka moja ndani ya nyingine bila samaki hata mmoja kuvuliwa wala kuliwa. Ukihesabu samaki utasema wapo, wengi tu. Kilichopotea hakionekani kwenye mizani.

Sasa ukishaliona hilo kwa furu unaanza kuliona kila mahali. Kuna kasuku wadogo wa kijani, wale wanaopita kwa makundi wakipiga kelele, tuna aina mbili ambazo ni za Tanzania hasa. Mmoja ana uso wa rangi ya chungwa, yuko Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria. Mwingine ana kichwa cheusi na shingo ya manjano, huyu ukienda Tarangire huwezi kumkosa. Kila mmoja na kwao, hawasumbuani. Binadamu tukawakamata, tukawaweka kwenye vizimba, tukawasafirisha kuwauza, wakatoroka na wengine wakaachiwa, na leo pale Naivasha Kenya wapo wamechanganyika, vichwa vya kahawia, shingo za katikati. Hao hawakuwa na ukuta wa macho kabisa, umbali ndo ulikuwa ukuta, na umbali tukauondoa kwa gari.

Na kuna jaribio la zamani la huyohuyo wa uso wa chungwa ambalo linaonyesha chotara anaumia wapi hata akiwa mzima wa afya. William Dilger alimzalisha na jamaa yake wa kusini magharibi mwa Afrika, akaeleza matokeo 1962. Huyu wetu akijenga kiota anakata kipande kirefu cha gome au karatasi anakibeba mdomoni. Yule wa kusini anavichomeka vipande katikati ya manyoya ya mgongoni karibu na mkia, anaruka navyo vinne vitano kwa mpigo. Chotara akarithi vyote viwili. Anakata kipande vizuri kabisa, anageuza shingo anakichomeka mgongoni, hakiachii mdomo, au anakiachia hakijashika, kinaanguka. Anaokota. Anageuza shingo tena. Kinaanguka. Vilivyofika kiotani ni vile tu alivyobaki navyo mdomoni, na ilichukua miaka kujifunza kubeba kwa mdomo, na hata hapo bado alikuwa anageuza shingo kwanza kila mara. Mimi nikimsoma huyo ndege naona kwa nini jike porini anakuwa mkali hivo wakati wa kuchagua.

Mtu ataniuliza, kwahiyo chotara siku zote ni ajali? Hapana, na hapa lazima niwe mkweli hata kama inaharibu mtiririko wangu. Nyuma ya huu mlima wetu wa Kilimanjaro, upande wa Kenya, Amboseli, kuna nyani ambao wamefuatiliwa bila kukoma tangu 1971, kazi iliyoanzishwa na Jeanne na Stuart Altmann. Pale wanakutana nyani wa manjano na wale wa kijani-kahawia, hawa tunaowaona Manyara na Hifadhi ya Arusha. Wameachana zaidi ya miaka milioni moja, lakini wanapandana, wanazaa, watoto wanazaa, na ukiwatazama huoni tatizo, tena madume wenye damu ya kijani-kahawia wanapata majike vizuri tu. Ila mwaka 2022 watafiti waliposoma DNA yao nzima wakakuta vipande vya jeni za wale wa kijani-kahawia vinapungua taratibu kizazi hadi kizazi kwenye sehemu muhimu za DNA hiyo, kama vile kuna mtu anachambua mchele. Kwahiyo jike amekubali, mwili umekubali, na bado kuna kitu kirefu zaidi ya maisha ya nyani mmoja ambacho kinakataa.

Alafu kuna vyura wa nchi kavu kusini magharibi mwa Marekani, hawa ndo walinibadilisha mawazo. Spishi mbili zinataga kwenye madimbwi ya mvua. Kukiwa na maji mengi jike anafuata mlio wa dume wa spishi yake. Dimbwi likiwa na maji kidogo, likielekea kukauka, majike wa spishi moja wanageuka wanafuata mlio wa dume wa spishi nyingine. Karin Pfennig alilionyesha hilo 2007. Sababu ni kwamba viluwiluwi machotara wanakua haraka zaidi, wanawahi kutoka kabla dimbwi halijakauka. Gharama ipo, watoto wa kiume wanatoka tasa (na hii inafanana na kanuni aliyoiona mwanabiolojia Haldane 1922, kwamba kwenye uchotara jinsia yenye kromosomu mbili zisizofanana ndo inaumia kwanza, kwa mamalia ni dume, kwa ndege ni jike). Lakini nusu hasara ni bora kuliko dimbwi kavu. Kwahiyo kuchagua sio kusema hapana tu. Jike anaangalia maji yamebaki kiasi gani alafu ndo anaamua.

Sisi binadamu pia tumo humo, kwa kifupi tu: 2010 timu ya Svante Pääbo, mtafiti wa DNA ya kale, ilionyesha kwamba watu wa nje ya Afrika wana DNA ya Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale waliotoweka, ikakadiria asilimia 1 hadi 4, na 2018 ukasomwa mfupa wa binti kutoka pango la Denisova huko Siberia ambaye mama yake alikuwa Neanderthal na baba yake wa jamii nyingine, Wadenisova. Nani alichagua na nani alilazimishwa, mfupa hausemi.

Kondoo wa shangazi alizaa mwezi wa sita. Mwanakondoo wa kawaida kabisa, mkia mnene wa mafuta, mweupe mwenye doa jeusi shingoni kama la kondoo dume wa jirani wa juu, ambaye kumbe mwezi wa kwanza aliwahi kukata kamba akalala humo bandani usiku mzima. Shangazi alinipigia simu anacheka, alafu akaniambia ameshaweka mbao katikati ya banda, upande wa kondoo na upande wa mbuzi, kwa sababu alimwonea huruma yule mnyama anavyobanwa kila siku.

Na jana Jumamosi nilikuwa sokoni Mbuyuni kununua samaki. Sikwenda kwa utafiti, nilikwenda kununua samaki, lakini haya mambo yakishakuingia huwezi kuyaacha nyumbani. Mto Pangani na mabwawa yake, Nyumba ya Mungu ikiwemo, na Ziwa Jipe pale mpakani, vina perege wao wa asili, wa huku kwetu tu, hayupo kwingine duniani, na yuko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Na sato naye, ambaye tumempenda kwa kukua haraka, ameshasambazwa kwenye mito na mabwawa mengi nchini, Pangani ikiwemo, na imeshathibitishwa kwa DNA sehemu mbalimbali za Tanzania kwamba sato akiingia kwa perege wa asili wanazaana, na machotara wanazaa. Hawa jike anabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na dume anachimba shimo la duara chini mchangani anamngojea. Maji yakiwa ya tope, madume wageni wakawa wengi kuliko wenyeji, jike anachagua kutokana na walioko.

Nikamuuliza yule mama ninayenunuaga kwake anawatofautishaje. Akashika sato mmoja akautandaza mkia kwa vidole kama feni. "Huyu si unaona, mistari imesimama, imejipanga mpaka mwisho." Kweli, mistari myembamba ya wima, safi kama imechorwa. Akamchukua mwingine, perege, mkia hauna mpangilio huo. Alafu akachimba chini ya barafu akatoa wa tatu, akautandaza mkia wake, mistari ipo nusu, ya juu imenyooka, ya chini imekatikakatika na kupotea. Kwa macho tu huwezi kuapa ni chotara, inahitaji maabara, na nilimwambia hivyo. Akamgeuza upande wa pili, akamtazama tena.

"Hawa wa hivi siku hizi wanakuja wengi kaka. Mimi nilikuwa nawapanga mafungu mawili, sasa hawa sijui niwaweke wapi."